Mefiboshethi Baada ya Sura ya Tisa

Masomo ya juma hili: 2 Samweli 9, 16:1–4, 19:24–30

Wapendwa katika Bwana,

Ibada zetu za kuwakumbuka watu wenye ulemavu hazikosi kusoma sura ya tisa ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Ni haki iwe hivyo, kwa maana si mahali pengi katika Maandiko ambapo mfalme kama Daudi anamtafuta mtu kama Mefiboshethi, mwenye kilema cha miguu yote miwili, anamrudishia mashamba ya babu yake na kumwahidi kwamba atakula mezani pake daima. Mahubiri yakishafika kwenye meza hiyo tunasema Amina na kufunga Biblia. Juma hili naomba tusiifunge mapema hivyo, kwa sababu mengi yanayotuhusu sisi tunaojitolea kuwahudumia wenzetu wenye ulemavu yamo katika sura zinazofuata.

Kwanza tumtazame mtu ambaye wahubiri humpita haraka, yaani Makiri. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano yaya wake alipomwangusha katika kukimbia, siku ile habari za kufa kwa babu yake, mfalme Sauli, na baba yake Yonathani zilipofika. Daudi alipomwita, alikuwa mtu mzima mwenye mtoto wake mwenyewe, naye aliishi Lo-debari katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli. Kumhifadhi mjukuu wa mfalme aliyeanguka hakukuwa jambo la kumpatia mtu faida wala sifa, na hakuna aliyempiga Makiri picha. Jina lake linarudi katika sura ya 17, wakati Daudi mwenyewe amekuwa mkimbizi kule Mahanaimu, na Makiri ni mmoja wa watu watatu wanaomletea vitanda, mabakuli, unga na dengu. Inaonekana ilikuwa tabia yake kumpokea mtu ambaye mambo yamemgeukia.

Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, Siba, mtumishi aliyewekwa kuyalima mashamba ya Mefiboshethi, alimlaki njiani akiwa na punda wawili waliotandikwa, mikate mia mbili, matunda na divai. Mfalme akamuuliza bwana wake yuko wapi. Siba akajibu kwamba amebaki Yerusalemu, akitumaini kwamba ufalme wa babu yake utarudishwa kwake. Daudi hakuuliza neno la pili wala hakutuma mtu kwenda kusikia upande wa Mefiboshethi. Papo hapo mali yote ikawa ya Siba.

Ndugu zangu, huyu ndiye Daudi wa sura ya tisa, mtu aliyemkalisha Mefiboshethi mezani pake pamoja na wana wa mfalme. Walikuwa wamekula pamoja, na bado neno la msaidizi lilitosha kumhukumu rafiki. Ukweli ulijulikana katika sura ya 19, vita vilipokwisha: Mefiboshethi alitelemka kumlaki mfalme akiwa hajaitunza miguu yake, wala hajakata ndevu, wala hajafua nguo zake tangu siku Daudi alipoondoka. Alieleza kwamba alitaka kutandikiwa punda ili amfuate mfalme, kwa kuwa ni kiwete, lakini mtumishi wake alimdanganya na kumsingizia. Daudi, kwa maneno ambayo mimi huyaona ya mtu aliyechoka kuliko ya mtu mwenye haki, akaamuru mashamba yagawanywe kati yao wawili. Mefiboshethi akajibu kwamba Siba na atwae yote, maadamu mfalme amerudi nyumbani kwa amani.

Tunapotaja methali ya akufaaye kwa dhiki, sisi wa kamati za huduma huwa tunajiona ndio wafaao na wenzetu ndio wenye dhiki. Katika habari hii mwenye dhiki alikuwa mfalme, na aliyemwombolezea hadi akasahau kujitunza ni yule ambaye watu wangesema anafadhiliwa.

Fikirini jinsi ziara zetu zinavyokwenda. Kikundi kinafika kwenye kituo cha watu wenye ulemavu na sabuni, sukari na unga. Mama mlezi anatupokea, nasi tunaanza kumuuliza: huyu amezaliwa hivi? Anaelewa tukiongea? Chai anakunywa? Kijana mwenyewe ameketi kwenye kitimwendo chake hatua moja kutoka hapo, na masikio yake ni mazima kabisa. Walezi wengi ni watu wema, wala si akina Siba, na wakati mwingine ni lazima wamsemee mtu. Lakini tukizoea kumjua mtu kwa kinywa cha mwingine, siku tutakayoletewa neno baya juu yake hatutakuwa na namna ya kulipima.

Habari za Henri Nouwen zinasaidia hapa. Padri huyu Mholanzi, aliyefundisha Yale na Harvard, aliacha kazi ya chuo kikuu na mwaka 1986 akahamia Daybreak, jumuiya ya L'Arche iliyoko Richmond Hill karibu na Toronto, Kanada, ambako watu wenye ulemavu wa akili na wasaidizi wao huishi nyumba moja. Alipewa kazi ya kumwandaa asubuhi kijana aitwaye Adam Arnett, ambaye hakuweza kusema, hakuweza kujivalisha, na alikuwa na kifafa. Kumwamsha, kumwogesha, kumnyoa, kumpiga mswaki, kumvalisha na kumkalisha mezani kulichukua karibu saa mbili, na mwanzoni Nouwen aliogopa hata kumgusa vibaya. Aliandika baadaye kwamba kila alipoharakisha, akiwaza mambo yake huku akiisukuma mikono ya Adam ndani ya shati, mara nyingi Adam alipatwa na kifafa, naye akaja kutambua kwamba anaambiwa apunguze mwendo. Hakukuwa na msemaji kati yao. Alilazimika kumsikiliza Adam katika mwili wake, kwa kurudi chumbani mle asubuhi baada ya asubuhi, hadi siku moja akajikuta ni yeye anayemweleza Adam wasiwasi wake. Kazi ile ya asubuhi hatimaye ilishikwa na wasaidizi wengine, ila urafiki uliendelea mpaka Adam alipofariki mwezi wa Februari 1996, akiwa na miaka 34. Nouwen alimfuata Septemba ya mwaka huohuo.

Haifai kuitaja L'Arche na kunyamazia jambo lililo zito. Mwaka 2020 jumuiya hiyo yenyewe ilitangaza kwamba mwanzilishi wake, Jean Vanier, aliyefariki mwaka uliotangulia, aliwadhulumu kingono wanawake kadhaa ambao hawakuwa na ulemavu, akitumia mamlaka yake ya kiroho. Penye mtu anayesifiwa hivi kwamba hakuna anayethubutu kumuuliza, wanyonge wote wako hatarini, wenye ulemavu wakiwa wa kwanza. Rafiki wa kweli hachukizwi na kanuni za ulinzi, wala haoni kuwa ametukanwa anapotakiwa kutojifungia chumbani na mtu anayemhudumia.

Jambo jingine ni kuondoka. Wasaidizi wengi katika nyumba za namna ile huja kwa mwaka mmoja au miwili, kisha hurudi masomoni au huoa, na wenyeji wa nyumba ndio wanaobaki kuaga na kuanza upya na wageni wengine. Kule Nyahururu nchini Kenya, huduma ya Kikatoliki ya Mtakatifu Martin imejengwa juu ya watu wa kujitolea wanaotoka katika jamii ileile ya wanaohudumiwa, na mimi naona hekima kubwa katika hilo, kwa sababu jirani akimaliza zamu yake bado mtakutana naye sokoni na kanisani. Vijana wetu wanaokwenda vyuoni wamwambie rafiki siku ya kuondoka mapema, wamwambie yeye mwenyewe, na wasiahidi kupiga simu kila juma kama wanajua hawataweza.

Kwa watakaotembelea kituo Jumamosi hii: zawadi zitakabidhiwa ofisini kabla ya kuingia, na picha hazitapigwa. Kila mmoja atakaa na mtu mmoja, amsalimu kwa jina na kumuuliza mwenyewe kama anapenda tukae naye, na wanaojua lugha ya alama wakae na ndugu zetu viziwi. Akisema au akionyesha kwamba leo hataki wageni, tumuage kwa heshima na kumuuliza turudi lini.