Kunyamaza kulivyonisaidia kuzungumza mbele ya watu

Ukiniuliza ni zoezi gani lililonifaa kuliko yote, nitakujibu: kunyamaza. Kumaliza sentensi, kufunga mdomo, kuvuta pumzi, kisha kuanza nyingine. Linaonekana dogo mpaka usimame mbele ya watu wote wanaokutazama. Sekunde mbili za kimya hapo ni ndefu ajabu, na mdomo unataka kuzijaza kwa "eeh", "yaani", "kwa hiyo".

Nilianza na simu. Nilijirekodi nikieleza jambo ninalolijua vizuri, kisha nikasikiliza nikiwa na kalamu, nikitia alama kila penye "yaani". Wengi huacha zoezi hili mapema kwa sababu hawapendi sauti yao. Unapoongea, sehemu ya sauti yako hufika sikioni kupitia mifupa ya fuvu na kuifanya nzito. Rekodi haina uzito huo. Vumilia, utaizoea.

Baadaye nikajiunga na klabu ya Toastmasters, ambamo watu hukutana kufanya mazoezi ya kuhutubia, utaratibu ulioasisiwa na Ralph Smedley kule California mwaka 1924. Humo kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu vile "eeh" na "yaani" vyako na kukutajia idadi mbele ya wenzako. Mwingine hushika saa: kwa hotuba ya dakika 5 hadi 7, ishara ya kijani hutoka dakika ya tano, ya njano ya sita, nyekundu ya saba. Lakini utamu wote, kwangu, uko kwenye mada za papo kwa papo. Unapewa swali hujajiandaa, unajibu kwa dakika moja au mbili. Hapo nilijifunza kusimama kwanza, kunyamaza, kuchagua hoja moja tu, ndipo nifungue mdomo. Naamini hakuna darasa linaloshinda hilo.

Moyo bado hunienda mbio. Hiyo ni adrenalini, homoni ambayo mwili huitoa ukiwa na hofu, na haisikii amri. Ninapongoja kuitwa hutoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta, na mapigo hupungua.

Hotuba siikariri yote. Nakariri sentensi ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayotoka kinywa kikiwa kikavu, na ya mwisho, ili nijue pa kuishia. Katikati nina hoja tatu au nne kwenye kikaratasi, nami huzifanyia mazoezi kwa sauti, nimesimama. Kusoma kimoyomoyo hakuandai ulimi.

Maswali ya wasikilizaji ndiyo yaliyonichukua muda mrefu zaidi kuyazoea. Siku hizi nikiulizwa, kwanza nalirudia swali kwa sauti ili hata wa nyuma walisikie. Kisha nanyamaza kidogo, ndipo najibu. Na kama jibu sina, nasema sina, nitalitafuta.