Nyumba ya zamani haina kazi ndogo

Mpango ulikuwa rangi. Rangi tu jamani, na milango kadhaa ibadilishwe, na bafu lipate vigae vipya, kisha watu tuhamie. Fundi akaanza kukwangua ukuta wa sebuleni ule wa upande wa nyuma, akagonga kidogo na nyundo akaniita, "bosi hebu sikia hapa", akagonga tena, ukuta ukalia ko ko ko. Akaingiza patasi, plasta ikashuka yenyewe yote mpaka chini, na nyuma yake tofali zimelowa na unga mweupe umejaa kwenye viungo.

Ule unga ni chumvi. Nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila ile nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda taratibu kwenye vitundu vidogo vya tofali na udongo wa kujengea, mara nyingi hayazidi sana mita moja hivi kutoka chini, na yanapanda na chumvi za ardhini. Sasa mafundi wa zamani hawakuwa wajinga, walijenga kwa chokaa na wakapiga plasta ya chokaa, ambayo inaruhusu unyevu utoke ukauke na upepo, ukuta unapumua. Halafu miaka inapita anakuja mtu anaona plasta inamomonyoka kidogo, anapiga simenti nzito na juu yake rangi ya mafuta. Hapo ndo kaziba njia ya maji kutoka. Maji hayajaacha kupanda, yanatafuta pa kutokea juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya simenti na kuisukuma, na siku moja anakuja mtu na nyundo kama sisi.

Fundi akataka tupige simenti nyingine, safari hii tuchanganye na dawa ya kuzuia maji. Nikamwambia ngoja kwanza tutoke nje. Tukatoka, na huko nje ndo kulikuwa na jibu lote, maana kuna mtu aliwahi kumwaga zege la kutembelea kuzunguka nyumba, limepanda mpaka limepita usawa wa sakafu ya ndani, na bomba la gata linamwaga maji ya paa lote palepale kwenye kona ya ukuta. Ungepiga dawa gani hapo? Tukavunja lile zege, tukashusha udongo mpaka chini ya usawa wa sakafu, tukachimba mtaro na kujaza kokoto, gata tukaipeleka mbali. Hiyo kazi haionekani kwenye picha na hakuna mgeni atakayeisifia, ila kwangu ndo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya mpaka leo.

Kisha ukuta ukauke, na hapo ndo mtihani wa subira. Makadirio ya mafundi wengi ni karibu mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, yaani ukuta wa milimita 225 unaongelea miezi tisa, na hiyo ni kama madirisha yanafunguliwa na hali ya hewa inakubali. Ukipiga plasta mapema umefungia maji ndani tena.

Basi tukasema wakati ukuta unakauka tufanye umeme. Kufungua soketi ya kwanza, waya zile za zamani za kufunikwa mpira, ukizikunja mpira unapukutika kwenye vidole unabaki umeshika shaba tupu. Waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, hakuna nyumba nzima. Na kwenye sanduku la fyuzi mtu alichoka fyuzi kukatika akaweka kipande cha waya mnene wa shaba akamaliza tatizo, wakati kazi ya fyuzi ni hiyohiyo ya kukatika, ukiweka waya mnene pale basi waya uliofukiwa ukutani ndo unageuka fyuzi, ukipata moto hakuna wa kuona. Viungo vingine vilisokotwa kwa mkono vikafungwa utepe vikapigwa plasta juu. Kwa hiyo wayaringi yote upya, na heri imegundulika kabla ya plasta, vinginevyo tungechimba kuta mpya.

Juu nako. Kulikuwa na doa kwenye dari tukajua ni bati limetoboka, kumbe bati ni sehemu ndogo tu. Kenchi mbili, zile mbao zinazobeba paa, kwa macho ni nzima kabisa, zimepakwa rangi hadi zinang'aa, ukichoma na bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Mchwa wamekula ndani wakaacha ganda. Nikafuatilia vile vichuguu vyao vya udongo vimetokea wapi, vimepanda nyuma ya fremu ya mlango kutokea kwenye ukuta uleule uliolowa. Yaani kila nikifuata tatizo la nyumba hii najikuta nimerudi kwenye maji. Kubadilisha mbao bila kukausha ukuta ni kuwapikia mchwa chakula kingine.

Banda la jiko la nyuma ndo lilisimamisha kazi kabisa. Lilikuwa na zile shiti za kijivu ngumu za mawimbi, kijana mmoja ameshapanda na nyundo tayari kuzivunja, nikapiga kelele ashuke. Shiti za zamani za aina ile zinaweza kuwa na asbesto. Zikitulia hazina shida sana, ila ukizivunja, ukizikata au ukizitoboa zinatoa nyuzinyuzi ndogo mno zinaingia kwenye mapafu, na ugonjwa wake, pamoja na kansa, unaweza kuja kuonekana baada ya miaka 20, 30 na zaidi. Uingereza walipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Watu wakanicheka kwamba naogopa bati, sawa nicheke, tulisubiri waliosomea kazi hiyo waje na mavazi yao, wakalowesha, wakashusha shiti nzimanzima na kuzifunga kwenye nailoni. Na rangi ya zamani pia msiikwangue kavu kama kuna watoto, nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kuhusu hela sitasema mengi. Zile asilimia 20 za dharura watu wanazoshauri, kwa nyumba ya zamani mimi naziona ni za kuanzia. Kilichotusaidia ni kugawanya makubaliano: kazi ya kufungua na kubomoa inalipwa kwa siku, bei ya kurekebisha tunapatana tukishaona kilichomo ndani. Fundi anayekupa bei ya jumla kabla hajafungua chochote, ama ameshaweka hofu yake yote kwenye hiyo bei ama atakuja kusimamisha kazi katikati akitaka nyongeza.

Kuna ufa mmoja wa mshazari kwenye kona ya dirisha kila anayekuja anataka kuuziba. Tumegandisha kipande chembamba cha kioo juu yake kwa simenti na kuandika tarehe, kikipasuka ujue ukuta bado unatembea. Mpaka sasa kizima, tunaacha mvua zipite ndo tuamue.

Sasa zamu ya mabomba. Ni ya chuma, bafuni maji yanatoka kidogo na ya asubuhi yana kutu, na bomba la hivyo huwa linaliwa kwa ndani mpaka njia inabaki nyembamba, kwa hiyo wiki ijayo tunakata kipande tuone. Nimemwambia fundi bomba asiguse kitu kabla hajajaribu valvu kubwa ya nje kama inafunga kweli, na awe na mpya mkononi, maana hizo za zamani ukizizungusha mara nyingi kinachozunguka ni mpini peke yake.