Jumapili ya omo tuo, madonge ya wali: siku yangu jikoni Bronx, New York

Saa 11 alfajiri. Nje bado giza, na kwa kuwa treni namba 4 huchelewa Jumapili, natoka nyumbani mapema. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ila kazi yangu ni kupika chakula cha Ghana kwenye mgahawa mdogo karibu na Grand Concourse, mtaa ambao Kitwi, lugha ya Waghana wengi, unakisikia saluni, dukani na kanisani. Mwenye mgahawa ni mama wa Kumasi, mji wa Ghana. Sote tunamwita Maame.

Saa 12 asubuhi. Waakye kwanza, maana wauguzi na madereva wa zamu ya usiku wanaitaka wakitoka kazini. Kunde tunazichemsha na majani makavu ya mtama mpaka maji yawe mekundu ya kukolea, ndipo tunatia mchele. Anayedhani ni wali na kunde tu apike siku moja bila yale majani, ataona rangi na harufu vyote vimeondoka. Pembeni tunaweka shito, pilipili nyeusi iliyokaangwa taratibu kwenye mafuta pamoja na samaki wakavu na kamba wa kusaga.

Saa 3. Supu ya karanga, nkatenkwan. Karanga zilizosagwa laini nazipika na nyanya juu ya moto mdogo, nakoroga bila kuondoka, mpaka mafuta yapande juu. Yasipopanda, supu itanuka ubichi hata ukiongeza viungo vyote vya dukani. Hapo ndipo inaingia nyama ya mbuzi iliyokwisha kuiva na tangawizi, kitunguu na pilipili. Maame hupita, anaonja kwa kiganja, anaondoka kimya. Akinyamaza, moyo wangu unatulia.

Saa 5. Sasa omo tuo, ambazo katika migahawa mingi ya Ghana ni chakula cha Jumapili. Kwetu pwani wali ukiwa bokoboko mpishi anasutwa, watu wanataka uchambuke. Hapa bokoboko ndiyo inayotakiwa. Wali unapikwa na maji mengi, kisha unapondwa kwa mwiko ungali wa moto. Unachovya mikono kwenye maji baridi, unachota, unaviringisha haraka kabla viganja havijaungua, mpaka donge liwe laini pande zote bila ufa. Lenye ufa litamomonyoka kwenye supu, na mteja wa Kumasi hatalisamehe.

Saa 8 mchana. Makanisa yametoka. Akina mama wa kaba na sliti za kitenge, yaani blauzi na sketi ndefu, wazee, watoto wenye njaa, wote mlangoni kwa mara moja. Mabakuli ya kunawia yanazunguka mezani. Kwa agizo tu nakisia mtu ametoka wapi: fufu na supu nyepesi, huenda ni Mwashanti, kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachuka, na samaki wa kukaanga na pilipili mbichi, huyo Mga wa Accra, kenkey iliyofungwa kwa majani ya mgomba badala ya maganda ya mahindi, Mfante. Jollof, wali wa nyanya, inaagizwa pia, sana na vijana, na yetu ni nzuri. Lakini nasema wazi, anayekuja kwa jollof peke yake amekosa kiini cha jiko hili, yaani tonge na supu.

Fufu yetu haitwangwi. Ghana ni muhogo na ndizi mzuzu kwenye kinu, wawili wakipokezana. Kwenye jengo la ghorofa za watu, kinu kingetugombanisha na majirani wote. Tunasonga ya unga. Mkono uliokulia kwenye ugali unajua kazi hiyo, ila fufu inadai kuvutwa na kukunjwa hadi iteleze, kwa sababu haitafunwi, inamezwa.

Saa 11 jioni. Pametulia kidogo. Mzee mmoja, dereva wa teksi mstaafu, huniita binti wa Nyerere. Kila Jumapili ananirudisha Cairo, kwenye mkutano wa viongozi wa Afrika wa 1964, Nkrumah alipotaka Afrika iungane mara moja na Nyerere akapinga papara ile. Mimi namtetea Mwalimu, yeye anamtetea Osagyefo, yaani Nkrumah, na supu yake inapoa hadi namsihi ale kwanza. Nayapenda mabishano haya kuliko bahashishi yoyote.

Saa 2 usiku. Masufuria, sakafu, hesabu. Kisha nakanda unga wa mahindi na maji na kuuacha uchachuke kwa ajili ya kenkey ya katikati ya wiki. Siku hiyo nusu yake tutaipika kwanza, tuichanganye na nusu mbichi, ndipo tufunge. Omo tuo zimekwisha zote. Mama mmoja amefika sasa hivi akitokea mazishini, nguo nyeusi na nyekundu, akiulizia. Nimempa kelewele, ndizi mzuzu za kukaanga zenye viungo, na supu iliyobaki, na nimemwahidi madonge mawili Jumapili ijayo, yatawekwa kando kwa jina lake.