Magunia ya maji

Jumamosi usiku. Viganja vinaniwaka hadi kushika simu ni tabu, lakini leo sitaki kulala kabla sijaandika.

Kibustani chetu hapa Vuga, Zanzibar, si maarufu. Kina ukuta mfupi wa mawe ya matumbawe, miti miwili ya mikungu, na baraza ya duara chini ya mmoja wao. Wazee wanasema jioni ilikuwa huna pa kukaa kwa watu waliokuja kupunga upepo. Mimi nimekua nikipaona pahala pa kutupia taka.

Bustani ya Forodhani ilipata wa kuishika mkono. Ile ilifunguliwa 1936, kwa jubilii ya miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub kukaa kitini, na ilipochakaa taasisi ya Aga Khan ikaitengeneza, ikafunguliwa upya 2009. Nakwenda sana, napapenda kwa dhati. Lakini haiwezekani kila uwanja wa mji huu ungoje mradi wa namna ile. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na sisi wenyewe tukisikia "urithi" akili inakwenda kwenye milango ya nakshi na majumba makubwa. Baraza ya chini ya mkungu haimjii mtu. Basi tukamwendea sheha, kiongozi wa mtaa, tukapata ruhusa, tukaanza kukitengeneza chetu wenyewe: watu 14, mapanga, majembe na toroli moja la kuazima.

Siku ya kwanza tulikosea, na kosa lenyewe bado linanisumbua. Pembeni palikuwa na kichaka cha miba, majani marefu yamesokotana, chupa na mifuko ya plastiki imejaa ndani. Tukakifyeka chote, tukafurahi kuona pameng'aa. Bibi anayekaa nyumba ya pili akatoka, akasimama kimya. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mkadi wangu mmeupeleka wapi?"

Ulikuwa mkadi. Maua yake ndiyo yaliyokuwa yakitiwa kwenye vikuba, vishada vya kunukia, pamoja na asumini na mrehani kila kwenye harusi ya mtaa huu, na sisi tumeukata kwa sababu hatukumuuliza mtu. Hakutugombeza. Aliinama, akapapasa kwenye takataka mpaka akaliona chipukizi moja limebaki karibu na ukuta, akaliwekea mawe matatu kulizunguka. Tangu siku ile hakuna kinachokatwa kabla bibi hajapita kuangalia.

Leo ilikuwa zamu ya ukuta. Miaka ya nyuma mtu aliupiga lipu ya saruji, bila shaka kwa nia njema. Fundi wetu ni mtu wa chokaa, na ametueleza kwa subira: jiwe la matumbawe linakunywa maji ya mvua na ya ardhini, na likishayanywa lazima liyatoe. Saruji inaliziba. Maji yanakaa ndani, chumvi inalitafuna jiwe, na nje ukuta unaonekana mzima. Nikatia tindo chini ya ufa, nikagonga mara mbili, bamba zima likabanduka kama ukoko wa wali. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa. Nililigusa kwa kidole tu, likamong'onyoka mkononi kama unga wa muhogo.

Tumebandua mpaka adhuhuri. Baada ya kula tukaanza kupiga lipu ya chokaa, laini, nyeupe, inanukia kama nyumba ya zamani siku ya mvua. Hapo ndipo fundi alipotuambia jambo lililotuchosha mioyo: chokaa haitaki kukauka haraka. Kwa jua hili la kaskazi, ukiiacha wazi itapasuka yote. Lazima ifunikwe magunia yaliyoroweshwa, na magunia yatiwe maji asubuhi na jioni, siku baada ya siku.

Watu 14 wa Jumamosi ni rahisi kuwapata. Kuna picha, kuna chai na maandazi. Jumanne alfajiri, na ndoo mkononi, nani atakuja? Nimekaa na wasiwasi huo mchana kutwa. Nikasema zamu ya kwanza naichukua mimi.

Baada ya Magharibi nikatoka na ndoo yangu. Kufika pale, magunia yanachuruzika maji. Chini, kwenye udongo uliolowa, nyayo ndogo ndogo zimejaa, na kopo la rangi limeachwa juu ya baraza. Nikabaki nimesimama. Bibi alikuwa dirishani.

"Watoto wa chuo cha Kurani hao," akasema. "Wameanza kabla hujafika, wakagombania na kopo. Hayo maji yako kaupe mkadi."

Nikaenda nikaumwagia, pole pole, mpaka ndoo ikaisha. Chipukizi limeshatoa jani la pili.