Namba Yangu Ukutani

Mwaka 2008 nilikuwa nikiandika majina ya maboti pale Kibirizi, Kigoma. Jina pande zote mbili, elfu tano. Ukitaka na samaki mmoja, mgebuka, karibu na omo, elfu saba. Kuna wavuvi walionilipa pesa na kuna walionilipa dagaa, lakini hakuna aliyewahi kunilipa umaarufu.

Umaarufu niliahidiwa na mzee mmoja aliyekuwa akimalizia nyumba ya wageni huko Mwanga, mjini Kigoma. Alinisimamisha mbele ya ukuta mpana unaotazama barabara, akanishika bega.

"Mwanangu, ukuta huu watauona wote. Nichoree meli ya Liemba. Pesa sina, ujenzi umenimaliza, ila weka jina lako na namba hapo chini. Kazi utazikimbia mwenyewe."

"Na rangi, mzee?"

"Ah! Fundi gani hana rangi?"

Nilikuwa na miaka 22, nikakubali. Ndani fundi umeme alikuwa anavuta waya, na mwingine anapanga vigae. Sikusikia yeyote kati yao akiambiwa wageni wataiona kazi yake. Hata mama aliyetuletea wali na dagaa alilipwa sahani zake kila jioni, yangu ikiwemo.

Kazi ilinichukua siku nne. Liemba sikuhitaji picha ya kutazamia, nimekua naiona bandarini, na historia yake kila mtoto wa Kigoma anaimbiwa: imeundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Siku ya tatu mzee akaja, akaitazama, akauliza moshi uko wapi. Nikamweleza kwamba meli ile iliachana na mvuke miaka ya 1970, siku hizi inakwenda kwa dizeli.

"Tia moshi."

Nikatia. Kopo zima la rangi nyeusi liliishia angani. Kopo langu.

Halafu nikaandika jina, na chini yake namba ya simu, tarakimu nyekundu zenye kivuli cha njano. Niseme ukweli, pale ndipo nilipotulia kuliko kwenye meli yenyewe.

Simu ya kwanza iliingia saa nane usiku. Nilikurupuka kitandani, nikakohoa kidogo ili sauti ikae kikazi.

"Haloo, treni ndiyo imefika sasa hivi. Mna chumba chenye choo ndani?"

Mzee alikuwa hajaandika namba yake popote. Ukuta mzima ulikuwa na namba moja tu, yangu. Kwa wiki mbili niliulizwa bei, feni, chandarua, kama chai ya asubuhi imo. Kibao hata kimoja sikuulizwa. Bwana mmoja kutoka Kasulu alibembeleza sana, nikampunguzia elfu mbili, akaenda kulala.

Kesho yake mzee akapiga, anafoka. "Nani kakutuma kuuza vyumba vyangu?"

"Hiyo nayo nimekufanyia bure, mzee wangu."

Akakata.

Nilipopita tena, Liemba ilikuwa palepale na moshi wake wa uongo. Chini yake pamepakwa nyeupe, na juu ya nyeupe namba nyingine. Mwandiko niliutambua, wa kijana mwenzangu wa Kibirizi. Nikamfuata ufukweni kumuuliza kapewa ngapi.

"Elfu kumi," akasema. "Na rangi kanunua mzee."