Soksi za kubana, Nairobi hadi New York
Jamani, safari hii nimeshuka New York viatu bado vinanienea! Ni kama saa 15 hewani bila kutua, na miguu yangu huvimba sana. Dada yangu muuguzi ndiye aliyenisisitizia soksi za kubana, zile ndefu zinazoishia chini ya goti. Hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda, hivyo damu husukumwa kurudi juu badala ya kutuama. Hupunguza pia hatari ya damu kuganda mshipani. Zivae kabla miguu haijavimba, na usizikunje pale juu. Mwenye kisukari au mishipa iliyoziba miguuni amwone daktari kwanza, tafadhali. Mama anasafiri Desemba. Nimeshamnunulia jozi yake.