Nusu kilo ya mzee wa Kome

Jana jioni binti yangu alikuwa mezani na daftari la hesabu, anakadiria namba kwa makumi ya karibu. Akauliza bila kuinua kichwa: "Mama, tano inapanda au inashuka?" Nikamwambia inapanda, kama mwalimu alivyosema. Akaandika, akaendelea na nyingine. Mimi kisu kikanisimama mkononi, vitunguu viko nusu. Nilikuwa nimesharudi mapokezi ya kiwanda cha samaki, Mwanza, mwaka 2020.

Mwaka ule mnaukumbuka. Ziwa Victoria lilijaa likapita hata kina cha miaka ya sitini ambacho wazee walikuwa wakikisimulia, na kwenye mialo mingi watu walishuka kwenye mitumbwi wamekunja suruali mahali palipokuwa nchi kavu. Ndege za kimataifa nazo zilikuwa zimesimama. Minofu mibichi ya sangara huenda Ulaya kwa ndege, kwa hiyo kiwandani zamu zikapungua, na uongozi ukaona huo ndio wakati wa kufunga toleo jipya la mfumo wa kompyuta, kabla kazi haijarudi.

Kuhama kulikuwa lazima, hilo sikulipinga na silipingi leo. Mfumo ule ulibeba kila kitu: mapokezi, namba za shehena zinazomwezesha mnunuzi kufuatilia samaki mpaka mwaloni alikotoka, ghala la baridi, mishahara, malipo ya mawakala. Ulikuwa umeandikwa kwa Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, na watunzaji wa Python walikuwa wameacha kuihudumia Python 2 tangu tarehe 1 Januari mwaka huo huo. Tundu la usalama likionekana, hakuna wa kuliziba. Timu ikaja kutoka Dar, ikafanya kazi wikiendi, ikapanda ndege ndogo ikarudi. Sisi wa hapa tukabaki kuwasaidia watumiaji.

Na toleo jipya lilikuwa zuri. Ripoti ya siku, ambayo zamani uliiagiza ukaenda kunywa chai, sasa ilitoka papo hapo. Lile tatizo la shehena moja kuingia mara mbili umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi lilikwisha kabisa, na dada wa mapokezi waliokuwa wakilaumiwa kwa ajili yake wakapumua. Jumla za tani za mfumo wa zamani na mpya zililinganishwa, zikaonekana zinakaribiana. Watu walipongezana.

Ndipo akaja yule mzee.

Alikuwa wakala kutoka kisiwa cha Kome. Boti yake ilizunguka kambi za wavuvi visiwani ikiwa na barafu, inanunua sangara kwa wenye mitumbwi, inaleta Mwanza. Alinikuta mlangoni mwa mapokezi, pale sakafu isipokauka, nimevaa magamboti kama kila mtu. Akasalimia, "Mwangaluka," nikaitikia. Akauliza, "Binti, wewe ndiye wa kompyuta?" Nikasema ndiye, mzee wangu. Akafungua mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake daftari la kaunta lililovimba kwa unyevu. "Mizani yenu haijaharibika," akasema. "Nimeitazama kwa macho yangu kila kreti. Kinachoharibika ni baada ya mizani."

Mhasibu alishamwambia tofauti ni ndogo, arudi mwisho wa mwezi. Mimi nilimvutia kiti cha plastiki mbele ya kompyuta ya mapokezi. Sikuwa na sababu kubwa, ila nilipoona mistari ya daftari lile, imepigwa kwa rula, kila kreti na uzito wake, kila safari na jumla yake, nilijua huyu hakuja kubahatisha.

Tukaanza. Yeye anasoma daftari kwa sauti, mimi nasoma kioo.

"Arobaini na mbili na nusu."

"Arobaini na mbili."

"Arobaini na saba na nusu."

"Arobaini na nane."

"Hamsini na moja kamili."

"Hamsini na moja."

"Thelathini na nane na nusu."

"Thelathini na nane."

Hapo akanyanyua kalamu. Hakusema kitu, aliweka alama pembeni. Tukaendelea. Arobaini na nne na nusu, kioo kikasema arobaini na nne. Arobaini na tisa na nusu, kioo kikasema hamsini. Dada wa mapokezi akaacha kuosha kreti, akasogea akasimama nyuma yetu. Mimi nilikuwa nahangaika moyoni: mbona nyingine zinapanda na nyingine zinashuka? Ingekuwa zote zinashuka ningesema mtu amekata nusu kwa makusudi. Ingekuwa holela ningeshuku kumbukumbu zimechanganyika wakati wa kuhamisha. Na nusu si namba ya kuipa kompyuta shida. Moja ya kumi ndiyo haikai sawasawa kwenye hesabu ya mbili mbili, nusu inakaa kamili.

Mzee ndiye aliyeona. Alirudisha kidole juu ya ukurasa, akashuka nacho taratibu kwenye alama zake. "Arobaini na mbili. Thelathini na nane. Arobaini na nne." Akanitazama. "Binti, mnakula za shufwa. Za witiri mnaziacha."

Nilihisi damu inanipanda masikioni. Nilifungua dirisha jeusi nikaandika mstari mmoja, kuiambia Python ikadirie 42.5. Ikajibu 42. Nikaiambia 47.5. Ikajibu 48. Kumbe jambo lenyewe limeandikwa wazi kwenye maelezo ya lugha. Python 2, nusu ikitokea, iliisogeza mbali na sifuri, kwa hiyo uzito ulipanda siku zote. Python 3, tuliyohamia, inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Programu ya malipo haikubadilishwa hata neno katika mstari huo. Ilihamishwa ilivyo, na maana yake ikabadilika chini yake. Mizani yetu ilisoma kwa nusu kilo, na kila kreti ililipwa kwa kilo nzima. Piga hesabu: karibu kreti moja kati ya nne ilikuwa inapoteza kilo. Kwa boti ya kreti arobaini ni kama kilo kumi kila safari, na kwenye jumla ya tani za kiwanda hazionekani.

Nilipiga simu Dar mzee akiwa bado amekaa. Kijana wa huko alinisikiliza vizuri, kisha akasema hiyo si hitilafu, ndivyo inavyotakiwa kufanya kazi. Meneja naye, nilipompelekea, akaona ni jambo jema: ukipandisha nusu zote unampa muuzaji zaidi ya haki yake, lakini zikigawanyika juu na chini, kwa kreti nyingi inajisawazisha yenyewe. Na kihesabu hakukosea. Ndiyo sababu njia hiyo ilibuniwa, kuzuia jumla isielemee upande mmoja. Nilirudi kwa mzee nikamweleza kwa heshima, neno kwa neno, kwa sababu alistahili kujua wanachosema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Walikueleza kwa nini nusu inapanda?"

Hakuna aliyekuwa amenieleza. Hakuna aliyejua, nafikiri, kati yetu wote tuliokaa kwenye vikao vya mfumo.

"Samaki akitoka Kome ana uzito mwingine," akasema. "Barafu inayeyuka, samaki anatoa maji, jua la ziwani mnalijua. Mimi nimemlipa mwenye mtumbwi kilo za kule. Nyie mnapima kilo za hapa. Miaka ile tulikaa na tajiri wa zamani, chini ya mti pale nje, tukabishana, tukakubaliana: nusu yoyote ni ya njia. Inapanda."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Barua, kikao, kikao kingine, dada wa mapokezi akiitwa kutoa ushahidi wa aliyoyaona. Mwishowe meneja akakubali, na marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja: badala ya ile kazi ya kawaida ya kukadiria, tukatumia moduli ya desimali inayoruhusu uiamuru nusu ipande. Nikaandika juu ya mstari huo maelezo kwa Kiswahili, marefu kuliko msimbo wenyewe, kwamba nusu hii ni ya njia, asiiguse mtu bila kuuliza mawakala. Natumaini bado yapo.

Bahati nzuri mfumo ulikuwa ukihifadhi uzito wa mizani kando na uzito wa malipo. Kwa hiyo nilipiga upya hesabu ya mawakala wote tangu toleo jipya lilipofungwa, si ya mzee peke yake, nikaipeleka kwa mhasibu ikiwa na majina na kilo. Mzee alilipwa. Mawakala wengine wakubwa walilipwa, najua kwa sababu walinitafuta kunishukuru. Wale wadogo, vijana waliokuwa wakileta kreti mbili tatu kisha wanahamia mwalo mwingine, wengi hawakuwa na daftari wala hawakujua wanadai. Niliuliza kuhusu malipo yao mpaka mkataba wangu ulipoisha, na kila mara nikaambiwa yako njiani.

Kabla sijaondoka nilimshauri mzee tuiombe menejimenti iandike jambo la nusu kwenye mkataba wa mawakala, lisitegemee kumbukumbu ya mtu wala mstari wa programu. Nilidhani angefurahi. Alikataa. Alisema likiandikwa, tajiri atakayekuja ataliona, ataliita gharama, atalikata kwa kalamu moja. Likikaa vinywani mwa watu itabidi aje akae chini abishane nao. Nilimwambia lililotokea limetokea kwa sababu halikuandikwa popote. Akasema limerekebishwa kwa sababu yeye alilikumbuka. Tulibishana pale mlangoni mpaka boti yake ikaita, na mimi mpaka leo, nikipewa mfumo mpya wa kuhamisha, huwa nawauliza kwanza watu wa mizani na wenye madaftari, lakini lile la kuandika au kutoandika bado sijaliamua.